Krimu chizi ya mche, ya kikopo au mtindi wa kuchuja: ipi inafaa kwa dizati ya tabaka ya embe

Jamani naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnachotaka ni kujua mkanunue nini. Kwa dizati ya tabaka ya embe na krimu chizi ya kuoka nyumbani, hela yako peleka kwenye krimu chizi (cream cheese, jibini laini nyeupe) ya mche, ile ya kipande kigumu kama mche wa sabuni, yenye mafuta kamili, vingine vyote chukua hapahapa sokoni kwa bei ya kawaida. Trei sio lazima iwe ile ya kufunguka ubavuni, mashine ya kuchapia sio lazima, na matunda ya kopo kutoka nje hayahitajiki kabisa. Ila kwenye krimu chizi usibane, na kama bajeti inabana kweli kuna njia ya kuchanganya na mtindi ambayo nimeipenda sana na nitaieleza huko chini.

Kwanza tuelewane ni dizati gani. Chini biskuti zilizosagwa na kuchanganywa na siagi, katikati krimu chizi na mayai, juu embe iliyopikwa kidogo na pasheni hadi ikawa nzito, basi. Tabaka tatu, unaoka msingi dakika chache kisha unaoka tena na krimu chizi, unaiweka kwenye friji, unakata vipande vya mraba. Haina hamiri, haina kuumuka, haina krimu ya kupamba, na mtu ambaye hajawahi kuoka keki maishani anaweza. Ndo maana naipigia debe, watu wanaona kwenye mahoteli kipande kidogo kinauzwa bei ya kutisha wanadhani ni ufundi wa chuo, kumbe kazi yenyewe haifiki hata nusu saa ya mikono yako, muda mwingine wote ni wa kusubiri.

Haya, tuje kwenye krimu chizi zenyewe. Hapa Dar kwenye supermaketi kubwa utakutana na aina kama tatu, na tatizo ni kwamba zote zimeandikwa krimu chizi au kitu kinachofanana, alafu zina tabia tofauti kabisa zikiingia kwenye moto.

Ya kwanza ni ya mche, ile imefungwa kwenye foili ndani ya boksi la karatasi, ukiikata kwa kisu inakatika inasimama. Hii ndo asili ya mapishi mengi tunayoyaona mtandaoni maana mengi yanatoka Marekani na kule ndo walikoianza, ilikuwa 1872 huko Chester, jimbo la New York, bwana mmoja anaitwa William Lawrence ndo anatajwa, jina la Philadelphia, ile chapa maarufu, lilikuja kuwekwa 1880 kwa sababu za kibiashara tu, mji wa Philadelphia ulikuwa unasifika kwa maziwa mazuri. Sheria ya Marekani inataka krimu chizi iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 33 na maji yasizidi asilimia 55. Shika hizo namba mbili, ndo zinaeleza kila kitu. Mafuta mengi maji machache, kwahiyo ukichanganya na mayai ukaoka inaganda vizuri, inakuwa nzito na laini kwa wakati mmoja, ukikata kisu kinatoka kisafi. Mche mmoja wa Kimarekani una gramu 226, na mapishi yakisema pakiti mbili wanamaanisha hizo, sio vikopo viwili vya hapa.

Ladha yake naipa alama zote. Ina uchachu wa mbali, chumvi kidogo sana, na ikikutana na embe dodo ambayo ni sukari tupu vile vitu viwili vinashikana mpaka raha. Bei ndo kilio, mche mmoja unakaribia kilo ya nyama na wakati mwingine unapita, na sio kila duka wanayo. Wanaokaa mbali na maduka makubwa wanaagizia kwa wanaokuja kutoka Dubai au Muscat, ila hii ni kitu cha baridi jamani, isafirishwe kwenye begi la kutunza ubaridi, isizunguke na nguo kwenye sanduku siku nzima.

Ya pili ni ya kikopo cha plastiki, ile ya kupaka kwenye mkate. Hii ndo imejaa zaidi madukani kwetu maana mzigo mwingi unatoka Ulaya na Afrika Kusini na huko wanauza hivyo. Sio mbaya, naisema wazi, kwa mkate asubuhi ni tamu kuliko hata ya mche. Lakini imetengenezwa iwe laini ipakike, kwahiyo ina maji zaidi, na ukiichapa sana na sukari inalegea inakuwa kama uji. Ukiioka vilevile bila kufanya kitu, tabaka la katikati linabaki limelowa na biskuti za chini zinanyonya yale maji, kesho yake unakuta msingi umekuwa tope.

Dawa yake ipo na ni rahisi. Chukua kitambaa safi cha pamba, kile cha kuchujia tui kinafaa sana mradi kisiwe na harufu ya nazi, weka krimu chizi yote ndani, kunja, weka kwenye chujio juu ya bakuli na uache kwenye friji masaa kadhaa au usiku kucha. Asubuhi utaona maji yamekaa chini ya bakuli na ile ya juu imeshikana. Ukifanya hivyo, na ukaongeza kijiko kimoja cha chakula cha kornflawa kwenye mchanganyiko, matokeo yanasogea karibu sana na ya mche. Kwahiyo kama umepata ya kikopo tu usikate tamaa, ila angalia nyuma ya kikopo, usichukue iliyoandikwa mafuta pungufu. Hiyo ya mafuta pungufu kwa kuoka mimi siishauri kwa mtu yeyote, wakitoa mafuta nafasi yake inajazwa na maji na vitu vya kugandisha, na kwenye oveni inatoa maji hayo yote.

Ya tatu ni ile ya chupa ya kioo au vipande vidogo vya mraba vilivyofungwa kimojakimoja, inayopendwa sana na ndugu zetu wa Zanzibar, Mombasa na walioko Oman. Hii kitaalamu ni jibini iliyosindikwa kwa moto na chumvi maalum za kuifanya isitengane, ndo maana nyingi zinakaa nje ya friji kabla hazijafunguliwa. Kwa dizati isiyookwa, ile ya kuchanganya na krimu ya kupiga na kuachia friji igandishe, vile vipande vya mraba ni vizuri mno na wanawake wa Kiarabu wanavitumia miaka mingi kwenye vitu vyao vitamu. Ila kwa hii yetu ya kuoka na embe naona chumvi inajitokeza sana, hasa siku ya pili. Ukiwa nayo hiyo tu, punguza, changanya nusu yake na krimu nzito ya maziwa, na usiongeze chumvi yoyote kwenye biskuti wala usitumie siagi ya chumvi.

Sasa mtindi. Hapa ndo moyo wangu ulipo kusema kweli, maana tuna maziwa mazuri nchi hii, Tanga, Iringa, Kilimanjaro, alafu tunaishi kusubiri kontena. Chukua mtindi mzito usio na sukari wala ladha, wa maziwa yenye mafuta yote, ule wa Tanga Fresh mimi naukubali kwa hii kazi na hata wa mama anayeuza kwenye ndoo mtaani kama unamwamini usafi wake. Tia kwenye kitambaa, ning'iniza kwenye friji siku nzima na usiku wake. Maji ya kijani njano yatatoka mengi, usimwage, kandia unga wa chapati, chapati zinakuwa laini. Kinachobaki kwenye kitambaa ni kizito cheupe, Waarabu wanakiita labne, na kiasi chake ni pungufu ya nusu ya mtindi ulioweka, kwahiyo nunua wa kutosha.

Je inachukua nafasi ya krimu chizi? Peke yake hapana. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 3 na nusu mpaka 4 tu, hata ukichuja vipi hayawezi kufika ile 33, kwahiyo ukioka labne tupu unapata kitu kikavu kidogo, kina chembechembe na uchachu wake unafunika embe. Lakini nusu kwa nusu, yaani mche mmoja wa krimu chizi na labne uzito uleule, pamoja na vijiko viwili vya krimu nzito, ndugu zangu hiyo ni tamu kweli. Mimi sa hivi nikipika kwa ajili ya watu wengi ndo natumia hiyo, gharama inashuka karibu nusu na kuna wageni wanaipenda zaidi kwa sababu haikinaishi, unaweza kula kipande cha pili. Kwa siku maalum, harusi, kumuaga mtu, au kama unauza kwa oda, weka krimu chizi tupu.

Kitu kingine cha kuangalia dukani kabla hujalipa. Krimu chizi haipendi kugandishwa ikawa barafu, ikiganda alafu ikayeyuka maji yanajitenga na inakuwa na chembe kama mchanga. Kuna duka moja, jina naliacha, nilichukua mche umekaa vizuri kwenye friji yao, tarehe bado mbali, kufungua nyumbani unavuja maji na umevunjikavunjika, maana yake uligandishwa ukayeyuka au umeme ulikatika ukapata joto ukapozwa tena. Tangu hapo nabonyeza kwanza, mche mzima unatakiwa uwe mgumu kidogo na sawa kila upande, kikopo kisiwe kimevimba mfuniko na kisiwe na maji ukikitikisa. Ikitokea umeshanunua iliyoganda tu ikayeyuka, haijapata joto, haijavimba na haina harufu mbaya, itumie kwenye mchuzi wa kuku au sosi ya tambi, ila dizati usiweke.

Biskuti nitapita haraka. Digestive za ngano nzima ndo bora kwa sababu zina ukavu na ladha ya ngano inayopunguza utamu wa juu, lakini biskuti za Mari za kawaida za dukani kwa Mangi zinafanya kazi nzuri tu ukiongeza siagi kidogo. Biskuti za tangawizi na embe, hapo umemaliza. Zenye krimu katikati hapana.

Kipimo ninachotumia kwa trei ya mraba ya sentimita 20 ni biskuti gramu 200 na siagi iliyoyeyushwa gramu 90, krimu chizi gramu 450, sukari gramu 100, mayai mawili, mtindi mzito nusu kikombe, vanila kijiko cha chai, kornflawa kijiko kimoja cha chakula. Saga biskuti, kama huna blenda tia kwenye mfuko upondeponde na chupa, changanya na siagi, shindilia kwenye trei uliyotandika karatasi ya kuokea iliyozidi pembeni ili baadae uinue dizati nzima kwa kushika karatasi, ndo maana nasema ile trei ya kufunguka ubavuni sio lazima. Oka dakika 10 ishike. Wakati huo krimu chizi iwe imeshatoka kwenye friji, mapishi ya kizungu yanasema iache nje masaa mawili lakini hayo ni ya nchi za baridi, Dar hii nusu saa inatosha kabisa. Chapa na sukari kwa mwiko au mchapo wa mkono mpaka mabonge yaishe, weka mtindi, vanila na kornflawa, mayai yawe ya mwisho kabisa moja moja, na ukishaweka mayai usichape tena kwa nguvu. Hewa ikiingia nyingi inavimba kwenye oveni alafu inabonyea na kupasuka.

Moto mdogo, nyuzi 160, dakika 30 mpaka 35. Ukitikisa trei katikati pacheze kidogo, kingo ziwe zimeshika, hapo zima na uache mlango wa oveni wazi kidogo ipoe humohumo. Kinachogandisha hapa ni mayai na mayai hayataki joto kubwa, ukizidisha yanajikaza yanasukuma maji nje na dizati inakuwa kavu juu imelowa chini. Oveni za gesi nyingi hazina namba za kuaminika, weka moto mdogo kabisa na trei iwe kwenye rafu ya juu.

Asiye na oveni asiache. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, trei au sufuria ndogo juu ya mchanga, mfuniko, makaa machache sana chini na mengi kidogo juu ya mfuniko, kama zilivyookwa keki zetu za sikukuu miaka yote kabla ya majiko ya umeme. Tofauti na keki ni kwamba hii inataka makaa machache zaidi, na chungulia mapema. Inatoka na harufu ya moshi wa mbali kwenye biskuti na mimi naona inapendeza.

Tabaka la juu ndo la kwetu kabisa. Kuanzia Novemba mpaka kama Februari embe zimejaa, chukua dodo au bolibo, zina nyama nyingi na nyuzi chache. Sindano na za kienyeji ni tamu mno lakini lazima uzipitishe kwenye chujio. Saga moja kubwa, ya pili kata vipande vidogo. Ile iliyosagwa weka jikoni na sukari vijiko viwili, ndimu nusu, na kornflawa kijiko kimoja na nusu uliyokoroga na maji baridi, koroga mpaka ichemke na ing'ae, epua, tia vipande na pasheni tatu na mbegu zake. Iache ipoe kabla hujamwaga juu ya tabaka la krimu chizi. Pasheni usiiache, embe peke yake juu ya krimu chizi inakosa ukali, pasheni ndo inaamsha kinywa.

Kornflawa badala ya jelatini naipendelea kwa sababu mbili, Waislamu wanakula bila kuuliza imetoka kwa mnyama gani, na pia haitoki maji siku ya pili kama imechemka vizuri. Watu wa Mombasa waliozoea faluda wanaweza kutumia agar agar, kigandishi kinachotoka kwenye mwani, inashika zaidi, ila weka kidogo maana inakuwa ngumu.

Nanasi la Kiwangwa nalo linafaa sana embe zikiisha, lakini sikiliza hapa, lazima lipikwe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini za maziwa, ukiliweka bichi juu ya krimu chizi baada ya masaa machache panakuwa pachungu na palaini pabaya, papai bichi lisilopikwa ni hivyohivyo. Likichemka vizuri kimeng'enya kinakufa na utamu unabaki. Plamsi za Lushoto zikija sokoni zipike na sukari na kipande cha mdalasini, rangi yake nyekundu iliyoiva juu ya tabaka jeupe inapendeza kuliko cheri za kopo, na kwenye kopo lile unalipia zaidi sukari, rangi na wanga wa kugandishia.

Friji masaa yasiyopungua manne, usiku kucha ni bora zaidi. Kisu kichovye kwenye maji ya moto ufute kila baada ya kukata. Inakaa kwenye friji siku tatu mpaka nne ikiwa imefunikwa, na kama kwenu umeme unakatikakatika, oka siku ileile ya kula, asubuhi na mapema, watu wale jioni. Kwa wanaouza, pelekeni kwenye vibokisi ndani ya begi lenye barafu, na mwambie mteja kabisa iende friji akifika, joto la mchana wa Dar hii kitu haikai nje zaidi ya saa moja au mbili.